Dar es Salaam kwa Miguu, Kutoka Feri Mpaka Kariakoo: Mwongozo Kamili wa Mgeni

Watu wengi wanaoijua Dar es Salaam wanaijua kwa shughuli. Walikuja harusini, walikuja kufunga mzigo Kariakoo, walimleta mgonjwa Muhimbili, au walipita tu wakiwahi boti ya Zanzibar. Ukiwauliza waliona nini, watakutajia foleni na joto. Mji huu una mengi zaidi ya hayo, na kuyaona hakugharimu sana. Kinachotakiwa ni kuutembea kwa mpangilio uleule ambao mji ulikua, kuanzia ufukweni kwenda ndani, na kufuata saa zake. Feri, kwenye soko la samaki, ya alfajiri siyo Feri ya saa sita mchana, na mitaa ya Kisutu ya asubuhi haina uhusiano wowote na Kisutu ya saa mbili usiku.

Mwongozo huu ni wa siku tatu, na wa nne ukipenda bahari. Nimeupanga uanze Ijumaa, na sababu utaiona mbele.

Kabla hujafunga begi

Miezi mizuri ni Juni mpaka Septemba. Upepo wa kusi huvuma, jioni hupoa, na kutembea kilomita chache hakukuchoshi. Masika, yaani Machi hadi Mei, yaepuke ukiweza. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na mji hukatika vipande viwili. Januari na Februari unaweza kuja, ila jiandae kwa joto la kweli na ujipange kupumzika kila siku kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana.

Ukija Ramadhani, mchana mama lishe wengi hawapiki, lakini ikifika magharibi mji unakupa chakula usichokipata miezi mingine: mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kunde za nazi, vimepangwa mezani barabarani. Kwa mpenda chakula naona huo ni mwezi bora, mradi usile hadharani mchana.

Lala katikati ya mji. Hili nalisisitiza kuliko ushauri mwingine wote. Wageni hushawishika na gesti nafuu za Sinza, Kimara au Mbezi, halafu siku nzima inaishia barabarani. Tafuta chumba Kisutu, Upanga, Gerezani au Kariakoo. Kuna lojing za kila mfuko, na nyingi ni safi. Omba uone chumba kabla hujalipa, fungua bomba, washa feni, angalia chandarua. Chumba kinachotazama barabara kuu ya Kariakoo kitakuamsha kabla ya adhana, kwa hiyo omba cha nyuma.

Njoo na kitambulisho chako. Makumbusho na hifadhi hutoza viingilio tofauti kwa raia na wageni, na bila kitambulisho utahesabiwa mgeni. Kama unatoka nje ya Tanzania, fahamu pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo chukua mfuko wa kitambaa.

Kufika na kuzunguka

Mabasi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na mjini. Ukishuka, wapiga debe watakuzunguka. Washukuru, endelea kutembea. Ukija kwa treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro umepata bahati, kwani stesheni iko mjini kabisa, jengo lililobuniwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, na Kisutu haiko mbali kutoka hapo.

Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016, ndio uti wa mgongo wa safari zako. Njia yake ya Kimara ina vituo viwili vya mwisho unavyovihitaji: Kivukoni, jirani na Feri, na Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Usiupande asubuhi kati ya saa moja na saa tatu kuelekea mjini, wala jioni kati ya saa kumi na moja na saa mbili ukitoka mjini. Utasukumwa, na hapo ndipo simu huchomolewa. Daladala hufika kila mahali; mwambie konda mapema unakoshukia. Bajaji na pikipiki, ukiita kwa simu kupitia Bolt, bei unaijua kabla. Ukiichukua kijiweni, patana kabla hujakaa, na kwenye bodaboda omba kofia ngumu.

Pesa nyingi utalipa kwa simu, kwa lipa namba, lakini weka noti ndogondogo mfukoni. Muuza vitumbua hana chenji ya elfu kumi saa moja asubuhi.

Siku ya kwanza, Ijumaa: bahari na mji wa zamani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe Feri, soko la samaki la Magogoni. Vaa viatu visivyoogopa maji. Ngalawa na mashua zimeshaingia, na mnada unaendelea: mnadi anataja bei, wachuuzi wanaitikia kwa kidole au kwa kukunja uso, na fungu la vibua linauzwa kabla hujaelewa nani kanunua. Simama pembeni, usizibe njia ya wabeba ndoo. Utaona changu, jodari, nguru, taa, ngisi, na pweza wanaopigwapigwa sakafuni ili walainike.

Huhitaji kununua kwa mnada. Nenda kwa wachuuzi wa rejareja, chagua samaki mmoja mwenye jicho lililong'aa na mashavu mekundu ndani, kisha mpeleke kwa wakaangaji walio palepale sokoni. Watamparua, watampaka chumvi na kumtumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka. Patana bei ya kukaanga peke yake, mbali na bei ya samaki. Muombe mkaangaji limau na pilipili. Sijui kifungua kinywa kingine Dar kinachokaribia hicho.

Usipige picha kuelekea Ikulu, iliyo jirani kabisa, wala bandari, wala askari. Ukitaka kumpiga picha muuza samaki, msalimie kwanza na umuombe. Salamu ndiyo ufunguo wa mji huu: "shikamoo" kwa mtu mzima, "mambo" au "habari za saa hizi" kwa mwenzako, kisha ndiyo swali. Anayeanza na swali hujibiwa kwa mkato.

Ukishiba, fuata Barabara ya Kivukoni, maji yakiwa kushoto kwako. Upande wa kulia yamepangana majengo ya serikali ya Wajerumani, yenye veranda pana na miti mikubwa mbele. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na safu hii ndiyo waliyoitaka ionekane kwanza na kila aliyeingia kwa meli. Utafika kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara na mapaa ya vigae vyekundu, kisha mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Ingia yote mawili kama hakuna ibada; ndani kuna ubaridi. Nje ya Mtakatifu Yosefu ndipo zilipo boti za Zanzibar, na vijana watakuuliza kama unataka tiketi. Tiketi hununuliwa dirishani kwa kampuni yenyewe, si kwa mtu wa barabarani.

Hatua chache zaidi utaliona Boma la Kale. Hili ni la zamani kuliko Mjerumani. Sultani Majid wa Zanzibar alilijenga miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wake, alipoamua kusimamisha mji mpya kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Gusa kuta zake: ni mawe ya matumbawe, na milango ni ya nakshi ileile unayoiona Unguja. Majid alifariki mwaka 1870 mji wake haujakamilika, na Boma ni miongoni mwa machache yaliyobaki ya ndoto yake. Ndani mna kituo cha urithi wa majengo ya jiji, chenye maelezo mazuri ya namna mji ulivyokua. Usikiruke, kwa sababu ukitoka hapo barabara zote utazisoma kwa jicho jingine.

Sasa panda mpaka Barabara ya Samora na ugeuke kulia. Kwenye mzunguko utakuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, bayoneti yake ikielekea bandarini. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipoutwaa mji mwaka 1916. Magari hayaachi nafasi, lakini vuka ukasome maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Hao wapagazi wakumbuke, maana kesho utakwenda ilipokuwa kambi yao.

Endelea na Samora hadi mwisho wake wa mashariki. Jua likiwa limepanda, Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, inakupa kivuli, na Makumbusho ya Taifa yako jirani, Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ndipo linapohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, la miaka inayokadiriwa kuwa milioni 1.75. Tenga saa mbili. Mtu anayefika Dar akaondoka bila kuingia humu amejinyima.

Ni Ijumaa, basi chakula cha mchana ni pilau. Maduka mengi ya Waislamu hufungwa kwa swala kuanzia kama saa sita na nusu, na baada ya swala mama lishe wanapakua. Fuata wafanyakazi wa ofisi wanakoelekea. Foleni yao ni kipimo bora cha jikoni kuliko ubao wowote. Angalia mambo matatu: chakula kimefunikwa, kuna maji yanayotiririka ya kunawa, na sufuria inaelekea kuisha. Pumzika hadi jua lirudi nyuma.

Usiku huohuo: Kisutu

Saa moja jioni ingia mitaa ya Kisutu, Zanaki, Jamhuri na Indira Gandhi. Hii ndiyo Uhindini ya zamani. Inua macho juu ya mabango ya maduka: ghorofa nyingi zina jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa, vimechorwa kwenye saruji chini ya paa, na roshani za duara za miaka ya 1930 bado zipo. Zinabomolewa mwaka hadi mwaka kupisha minara ya vioo, na hilo linaniuma, kwa hiyo zitazame sasa.

Kisha kula, na ule kidogokidogo, usikae mahali pamoja. Anza na urojo: mchuzi wa njano wenye uchachu wa embe au ukwaju, ndani yake viazi, badia, kachori, vipande vya mishkaki, juu chipsi za muhogo zilizopondwa na chatne ya nazi. Muombe muuzaji pilipili pembeni mpaka ujue ukali wake. Hamia kwenye mkaa: kuku na mishkaki wanaochomwa nje, moshi ukijaa mtaa mzima, huliwa na naan au mkate wa kumimina. Juisi ya ukwaju au ya miwa iliyokamuliwa mbele yako na tangawizi inasafisha mdomo. Tambuu ipo kwa anayetaka kuijaribu. Mwisho tafuta kijiwe cha kahawa, kaa kwenye benchi na kikombe kidogo na kashata, usikilize watu wakibishana Simba na Yanga. Huna haja ya kuchangia, ingawa mtu atakuuliza wewe ni wa timu gani.

Siku ya pili, Jumamosi: Mnazi Mmoja na Kariakoo

Anza saa mbili asubuhi na supu na chapati, kama wanavyofanya wenyeji wenye siku ndefu. Halafu tembea mpaka Mnara wa Saa, uliosimamishwa mwaka 1961 Dar ilipotangazwa kuwa jiji, na uingie Mnazi Mmoja.

Simama hapo kidogo. Kanuni za ukoloni, za Mjerumani na kisha Mwingereza, ziligawa mji sehemu tatu: Uzunguni ulikopita jana asubuhi, Uhindini ulikokula jana usiku, na Uswahilini ulio mbele yako. Uwanja huu uliachwa wazi makusudi ili kuutenga mji wa Waafrika, kwa kisingizio cha afya. Ndiyo maana nakutaka uuvuke kwa miguu. Ndani ya gari huwezi kuuhisi mpaka huo.

Upande wa pili ni Mtaa wa Lumumba, kilipozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954. Karibu na hapo, Mtaa wa Uhuru, ni mahali pa kununua kanga. Zinauzwa kwa doti, na muuzaji atakufungulia moja baada ya nyingine usome majina. Usiwe na haraka, hiyo ni sehemu ya manunuzi.

Kariakoo yenyewe ilipimwa viwanja na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza, kisha Waingereza wakaweka humo kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, walewale wa kwenye sanamu. Mitaa imenyooka, hivyo ni vigumu kupotea ukishika majina mawili: Msimbazi na Uhuru. Jengo la soko, lenye paa la miavuli ya zege, lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, na bado umbo lake ndilo alama ya Kariakoo.

Namna ya kuutembea mtaa huu ni muhimu. Begi mbele ya kifua. Simu mfukoni, na ukitaka kutazama ramani ingia dukani. Mtaa wa Kongo ndio wenye msongamano kuliko yote: machinga chini, maguta katikati, watu kila upande, ukisikia mtu nyuma anapiga mluzi au kupaza sauti ya kuomba njia, sogea bila kujadili, mzigo unapita. Vijana watakaojitolea kukupeleka "duka la bei nzuri" ni mawinga. Ni watu wa kazi halali na wengine wanaujua mtaa kuliko ramani yoyote, ila ujira wao umo ndani ya bei yako. Ukijua unachotaka, uliza bei maduka matatu peke yako kabla hujamfuata winga. Mwite muuzaji kaka, dada au mama, uliza "bei ya mwisho?", na ukishindwa kukubaliana ondoka kwa upole, mara nyingi utaitwa. Dai risiti ya mashine, maana mnunuzi asiye nayo naye anaweza kutozwa faini.

Saa saba mchana kula kwa mama lishe: ugali, samaki wa nazi, mchicha au kisamvu. Baada ya hapo miguu itakuwa imechoka. Rudi ulale.

Jioni, kama bado una nguvu, vijiwe vya supu ya pweza huwashwa giza likiingia. Pweza hukatwa vipande vidogo na huuzwa kwa kipande, na supu hutolewa kwenye kikombe pamoja na ndimu.

Siku ya tatu, Jumapili: vinyago, rangi na Coco Beach

Jumapili mji wa kati hulala, hivyo nenda kaskazini. Anza Mwenge, kwenye soko la vinyago, watazame mafundi wakichonga mpingo. Mila ya uchongaji huu ni ya Wamakonde. Mpingo halisi ni mzito na weusi wake umo ndani ya mti. Kinyago chepesi kilichopakwa kiwi utakitambua ukikikwaruza chini kwa ukucha. Kijiji cha Makumbusho kiko Barabara ya Bagamoyo, si mbali, na kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Watoto hukipenda kuliko watu wazima.

Kisha Oysterbay. Karibu na Morogoro Stores kuna ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga, kijana kutoka Tunduru, alianza kuuza picha zake eneo hili mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye mbao laini za mraba. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, na jamaa zake na wanafunzi wake wakaendeleza. Zunguka wote kabla ya kununua, kwa sababu kila mchoraji ana mkono wake: wapo wanaorudia tembo na twiga wale wale, na wapo wanaochora hospitali, mnada, mganga na wateja wake. Hao wa pili ndio ninaokushauri. Picha ya kitambaa itaviringishwa, kwa hiyo usiogope ukubwa.

Saa kumi jioni shuka Coco Beach. Chakula chake ni kimoja: mihogo iliyokaangwa au kuchomwa, na kachumbari, pilipili na chumvi juu, pamoja na dafu. Jumapili familia nzima za mjini ziko hapa, na hiyo ndiyo sababu ya kuja siku hii. Kuogelea ni wakati maji yamejaa. Yakikupwa kuna mawe makali. Ukirudi mjini, pitia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na lenye urefu wa kama kilomita moja juu ya bahari.

Siku ya nne kwa apendaye maji

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vidogo ndani ya hifadhi ya bahari. Boti za Bongoyo huondoka Slipway, Msasani. Za Mbudya upande wa Kunduchi. Uliza mapema saa ya boti ya mwisho kurudi, na kama bei uliyotajiwa ina kiingilio cha hifadhi ndani yake. Samaki na chipsi hupikwa kisiwani, lakini agiza mara tu unaposhuka, maana huchukua muda. Ukichagua Mbudya, tenga nusu saa kwa magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina.

Wasio na bajeti hiyo wavuke tu na pantoni kwenda Kigamboni. Nauli ni ndogo kuliko soda, na ukiwa katikati ya maji ile safu ya Kivukoni unaiona kama ilivyoonwa na walioingia kwa meli. Shikilia mzigo wako wakati wa kushuka, kwa sababu umati hutoka kwa kishindo.

Siku ya kuondoka

Ukisafiri kwa ndege jioni ya siku ya kazi, toka mjini saa tatu nzima kabla ya muda wa kufika uwanjani. Barabara ya Nyerere haina huruma. Kwa basi la alfajiri, panga usafiri wa Mbezi Luis usiku uliotangulia na dereva unayemfahamu au aliyeletwa na wenye lojing. Samaki wa kupeleka nyumbani mnunue Feri asubuhi hiyohiyo, wakaangwe wakauke kabisa, wapoe, kisha wafungwe kwenye gazeti na boksi. Ukiwafunga wakiwa moto watachacha kabla hujapita Chalinze.